Mgeni wa Simu Asiyeaga

Tangu alfajiri ng'ombe wa Mzee Kipkemoi alikuwa akilia na kuwarukia mbuzi. Pale Molo hata mtoto anajua maana yake: anataka kupandishwa, tena leo, maana kufikia jioni hamu itakuwa imemwisha. Mara mbili walikuwa wamechelewa kumwita Kabiru, daktari wa mifugo anayepandisha ng'ombe kwa mkono, kwa mbegu za dume zilizogandishwa. Sasa maziwa yalikuwa yakikauka, na bila ndama hakuna maziwa.

"Nikimaliza Turi nitakupigia," Kabiru alikuwa amemwambia. "Nisipokupata, napitiliza Elburgon."

Simu ikalia. Mzee akaidaka.

"Hello, naongea na Mister Kipkemoi? Naitwa Nasimiyu, niko Nakuru. Ni kuhusu bima ya mazishi."

Mwingine angekata. Lakini Mzee alikuwa na sheria yake, aliyoihubiri kwa watoto na kwa nusu ya kanisa: kupiga simu ni kubisha hodi, na aliyebisha ndiye huaga. Kumkatia mtu ni kumsukuma mgeni nje.

"Karibu, Nasimiyu. Huko mmepata mvua?"

"Eeh, imenyesha. Sasa mzee, ukilipa kidogo kila mwezi, jeneza..."

"Na mama hajambo?"

"Anaumwa na magoti. Mzee, jeneza unapewa bure!"

"Pole yake. Binti, nangojea simu nyingine. Si uage tu?"

"Siwezi. Supavaiza anasikiliza. Kwetu ni mteja anakata."

"Na kwangu ni mgeni anaaga."

Kila mmoja akaikumbatia heshima yake. Zizini kukatoka mlio mrefu wa uchungu.

"Woi, pole mzee! Kumbe mko na msiba?"

"Ni ng'ombe. Anataka bwana."

Mkewe, Chepkurui, akatokeza na ndoo tupu. "Wewe! Kata hiyo simu!"

"Kuna mgeni."

"Basi mwombee aende!"

Mzee akashtuka kwamba hakuliwaza hilo. Mgeni aliyekaa sana huambiwa "tuombe", na baada ya amina hakuna anayerudi kitini. Akavua kofia.

"Nasimiyu, tuombe."

Akaombea magoti ya mama, mvua ya Nakuru, na supavaiza alainishwe moyo.

"Amina," Nasimiyu akasema. Nyuma yake sauti nzito ya mwanamume nayo ikasema amina. Kisha Nakuru wakakata laini.

Papo hapo ikalia tena.

"Mzee, umeshika laini mpaka niko njia ya Elburgon! Nigeuze?"

"Kabiru! Habari ya nyumbani? Watoto wa..."

Chepkurui akampokonya. "Geuza! Kuja saa hii!" Akakata.

"Mama! Hata hajaaga!"

"Ataaga akimaliza."

Pikipiki ilipoingia, Mzee alikuwa langoni, mkono mbele. Kabiru akampita mbio, glavu imempanda hadi begani. Siku hiyo ng'ombe ndiye aliyesalimiwa kwanza.