Unga wa Siku Mbili

Uvumi ulifika kijijini Bukima mwaka wa tisini na tatu, ukaletwa na Marieta, jirani aliyetoka kuuza dagaa sokoni Mwigobero. Eti kule mjini, Nyasho, watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha minofu wanarogwa. Wanakula ugali mchana, jioni miguu haiwabebi.

Dafroza alicheka, akaendelea kupalilia. Lakini neno lilimganda kama kupe. Binti yake Hyasinta alikuwa akikata minofu ya sangara kiwandani humo, na mjukuu wake Wankyo alikuwa na miaka minne tu. Kulipokucha akapanda boti.

Alimkuta Wankyo mkekani, ametapika, analia kwamba nyumba inazunguka. Hyasinta alikuwa kwenye mabuti yake ya mpira, anafunga kitambaa kichwani, zamu imekaribia.

"Amekula nini?"

"Ugali, mama. Wa ile mihogo uliyonipa."

Dafroza akachovya kidole kwenye unga, akaramba. Uchungu ukampanda hadi masikioni.

"Ulivundika siku ngapi, sumu itoke?"

"Kuvundika! Nani ana siku hizo? Nilimenya Jumamosi, nikaanika, Jumapili nikatwanga. Halafu ule wa kuvundika unakuwaga mweusi. Wenzangu wananicheka, eti Mama Wankyo anasonga tope."

Dafroza akausukuma ule unga pembeni. Mihogo ile michungu, ambayo hata ngedere anaionja na kuiacha, alimpa mwenyewe kwa mkono wake, mibichi, kwa sababu binti aliona haya kubeba makopa meusi, mihogo iliyokwisha kuvundikwa na kukaushwa. Naye mama akaona haya kumkatalia.

"Mbebe mtoto, twende hospitali."

"Msimamizi atanifuta, mama."

"Akufute! Mtoto mwingine utampata kiwandani?"

Walimtundikia mtoto dripu. Daktari akauliza habari za unga, akatikisa kichwa, akasema yule si wa kwanza wiki ile. Dafroza akaelewa kwamba mchawi wa Nyasho ni haraka. Siku mbili alikaa anaiminya miguu ya Wankyo, rozari mkononi, kila saa akimwambia, "Nipige teke, mjukuu wangu." Siku ya tatu mtoto akampiga teke la kweli, akaomba uji.

Wakarudi Bukima wote watatu. Hapo ndipo Hyasinta alipoanza upya kazi aliyoizoea utotoni. Alimenya mihogo, akailundika, akafunika kwa majani ya migomba na magunia. Siku ya tatu akataka kufunua.

"Bado," mama akasema. "Nusa kwanza."

Siku ya tano alibonyeza kwa kidole gumba, muhogo ukabonyea kama mkate. Akakwangua ukungu, akamegamega, akaanika juu ya mwamba wa ziwani, akageuza kila jua lilipogeuka. Mama alikaa pembeni akimtazama. Mikono ile kiwandani ilikuwa na ganzi ya barafu, hapa ilikuwa na akili.

"Mama, kule nakata mnofu kutwa nzima, unafungwa kwenye boksi, simjui hata atakayeula. Huu namjua atakayeula."

"Jembe halina zamu, mwanangu."

"Wala halina mshahara!"

Wakacheka mpaka Wankyo akauliza wanacheka nini.

Habari kwamba nafasi yake kapewa mtu mwingine ilimkuta na ukungu hadi viwikoni. Akasema, "Heri yake," akaendelea kukwangua.

Basi ninyi wenye watoto mjini, epukeni haya:

Kumpa mtu mihogo michungu mibichi bila kumuuliza ataivundika wapi.

Kufunua lundo kabla halijalainika.

Kutwanga makopa ambayo hayajakauka mpaka ndani.

Kuchagua unga kwa weupe wake.

Kumpa mtoto ugali wenye uchungu, hata tonge moja.

Kumtafuta mchawi wakati mtoto anatapika. Mpelekeni hospitali.

Kuona haya kumkatalia mwanenu.