Jina Silitaji

Veronicah alikuwa na kipaji cha kumsengenya mtu huku amefumba macho. Kila Alhamisi jioni, jumuiya ilipokutana katika moja ya nyumba za Kileleshwa, yeye mwenyekiti ndiye aliyeongoza, na ikifika saa ya kutaja nia za maombi, hakuna ndoa wala mtoto wa mtu aliyesalimika. Philister alilijua hilo vizuri. Na bado juzi, akitafuta mtu wa kumsaidia kuomba, alimfungulia moyo huyohuyo.

Mumewe, Bramwel, alikuwa ameachishwa kazi Westlands tangu Pasaka. Kila asubuhi alivaa tai vilevile, akaenda mjini, akashinda kanisani akimwomba Mungu kazi nyingine. Alimsihi Philister asimwambie mtu. Jioni hii alikuwa ameketi kando yake, na tai yake, amejikaza kuja.

Mshumaa ukawashwa. Mmoja akashukuru kwa kupata mjukuu, mwingine akaliombea goti la mama yake. Veronicah akavuta pumzi.

"Tumkumbuke ndugu yetu mmoja, jina silitaji, anayetoka na tai kila siku kama mtu wa ofisi, na ofisi ilishamfukuza. Mpe unyenyekevu akubali hata kibarua. Ee Bwana..."

Watu walikuwa wamefumba macho, lakini si sana. Philister aliona kope zikifunguka, nyuso zikiigeukia ile tai. Kinyaa kikampanda. Unyenyekevu! Na yule mama alikuwa bado ameinamisha kichwa, mikono kifuani, mtakatifu kabisa.

Hakuna aliyeitikia. Kisha ikasikika sauti moja, nzito.

"Twakuomba utusikie," alisema Bramwel.

Wakati wa chai Veronicah alimkumbatia Philister. "Si nimewaombea vizuri, mama?" akamnong'oneza. Philister alijitoa mikononi mwake kama mtu aliyekanyaga uchafu, na akajiona yeye mwenyewe ndiye ananuka zaidi.

Njiani kurudi nyumbani Bramwel alifungua tai, akaitia mfukoni.

"Mama Jackie, hii maneno niliambia wawili tu. Wewe na Mungu."

Akatembea hatua kadhaa mbele yake bila kugeuka.

"Na Mungu hajaambia mtu."