Raya na Wimbo wa Magharibi

Mgeni rasmi alitakiwa saa tisa alasiri. Magari yake yaliingia saa kumi na mbili kasorobo, na hakuna aliyeomba radhi, maana mkubwa hachelewi. Ni watu ndio wanaowahi.

Raya binti Sadallah alikuwa nyuma ya pazia jeusi tangu saa nane. Kazi yake ndiyo hiyo, mwaka wa kumi na tisa sasa: kuwaimbia wengine. Bendi za roki za Dar zilimkodi aitikie, studio zilimwita anyooshe pale mwenye wimbo alipopinda, na kwenye tamthilia alisimama gizani, mwingine akasimama kwenye taa. Sauti yake kata nzima ya Dunda inaijua. Uso wake wanaujua wauza samaki tu.

Leo anamwimbia Naila, mpwa wa Humaid, mwenye kundi la onyesho hili. Naila umbo analo, macho anayo, ila sauti za juu humtoka kama mlango usiotiwa mafuta. Humaid alimwahidi Raya, mbele ya Yunus fundi mitambo, kwamba hii ni mara ya mwisho. Mgeni akiridhika, kundi litapelekwa Pangani kutumbuiza, na huko Raya atasimama mbele kwa jina lake.

Msikiti uko ng'ambo ya njia, dirisha lililo kando ya Raya linautazama. Hotuba zilivyozidi kurefuka, akamwita Humaid, akamwambia wimbo mkubwa utagongana na adhana ya magharibi. Wimbo wenyewe una mahali magitaa na ngoma hunyamaza, sauti ikapanda peke yake dakika nzima. Bora watu waswali kwanza.

Humaid hakutaka kusikia. Mgeni ana safari.

"Dada Raya, najua ulivyolelewa, nami nimelelewa hivyo hivyo," akasema taratibu. "Lakini leo adhana ikilia usinyamaze. Ukinyamaza, Pangani utaisikia redioni."

Wimbo ukaanza. Magitaa yakanguruma kutoka kwenye kompyuta ya Yunus. Naila kafumba macho, vidude vya kusikilizia, vyenye mdundo tu, vimemziba masikio yote mawili. Kupitia tundu la pazia Raya akamtazama mabega, kama afanyavyo siku zote: bega likipanda anavuta pumzi, likishuka anaachia. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Vyombo vikanyamaza, sauti ikabaki peke yake, ikapanda.

Allahu akbar, ikaingia dirishani.

Raya akalivuta neno lile lile la wimbo, akaomba umeme ukatike, kipaza sauti kizime, lolote litokee lisilotoka kwake. Umeme ambao hukatika kila siku, leo kwa ajili ya mkubwa haukukatika.

Adhana ikarudia. Raya akafunga kinywa.

Mbele kwenye taa Naila akaendelea, mikono kaitandaza, shingo imekaza, kinywa wazi, bila sauti hata ya mbu. Mwanzo watu walidhani ndiyo mchezo wenyewe. Kisha mama mmoja wa viti vya nyuma akanong'ona, "Jamani, huyu anaimba au anapiga mwayo?" Kicheko kikapita safu kwa safu, watu wakikibana viganjani kwa heshima ya adhana.

Mgeni rasmi akainuka, akasema anawahi swala. Magari yake yakashika barabara ya Zinga, kwenda Dar. Msikiti ukabaki pale pale, milango wazi.

Humaid akaja nyuma ya pazia. Hakumlaumu mgeni aliyechelewa karibu saa tatu nzima.

"Umenimaliza," akamwambia Raya. "Pangani nitatafuta mwingine. Waimbaji wa nyuma hawaadimiki."

"Mtafute," Raya akasema. "Mie naenda kuswali."

Aliporudi, nusu ya watu walikuwa wamerudi pia, maana hakuna aliyewaambia kwamba onyesho limekwisha. Raya akapita upande wa mbele wa pazia, akasimama kwenye taa, akamwomba Yunus auwashe wimbo. Yunus akamtazama Humaid, akaitazama mashine yake, akabonyeza.

Viti vya wakubwa vilikuwa vitupu, vitambaa vyeupe juu yake, na hakuna aliyethubutu kuvikalia. Raya akapaza sauti ivivuke, iwafikie walioko nyuma.