Bomba Lililosuuzwa Mara Tatu

Mke wangu alikuwa na sheria moja kuhusu bustani ya nyuma ya nyumba: dawa ya dukani haivuki geti. Alilivalia njuga jambo hilo tangu aliposoma karatasi ya kwenye chupa ya dawa ya wadudu, yale maandishi madogo ya kutafutia miwani. Akanisomea na mimi, mara mbili, tonge likiwa mkononi. Kwa hiyo mboga zetu zilikua kwa samadi, majivu na jasho lake. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu iko barazani, na mchango wangu kwa bustani ulikuwa kula.

Baba yake alipostaafu na kuhamia kwetu, alikuja na masanduku mawili na bomba la kupulizia dawa, lile la kubebwa mgongoni, la chuma, la zamani. Miaka thelathini na moja alikuwa akipuliza dawa ya kuua magugu kwenye shamba kubwa la watu. Siku ya kuagana, wenye shamba walimzawadia bomba lilelile alilokuwa akilibeba. Wengine hupewa saa ya ukutani.

Mzee hakuwa mtu wa majivuno, ila kwa jambo hili moja.

"Sijawahi kuleta sumu nyumbani kwangu," alikuwa akisema, hata kama hakuna aliyeuliza. "Wenzangu kengele ikilia wanatimua mbio. Mimi, mkwe, nasuuza kwanza. Natia maji, natikisa, namwaga. Mara tatu, kila jioni."

Niliisikia habari ya mara tatu mpaka nikajikuta nasuuza vikombe mara tatu. Lakini nilimwelewa. Goti lilikuwa limeota kutu, macho yamefifia, marafiki wametawanyika. Alichobaki nacho ni kujua kwamba alifanya kazi ya sumu na wanawe wakakua salama. Ukimnyang'anya hilo, umemmaliza.

Mwezi mmoja vidukari wakaivamia bustani. Walijaa chini ya majani ya nyanya na kabichi, weusi, wanene, kama waliolipia kiingilio. Mke wangu akasaga pilipili na vitunguu saumu, akachanganya na maji na sabuni ya kipande aliyoikwangua, akaanza kunyunyiza kwa ile chupa yangu ndogo ya kulowanishia nguo za kupiga pasi. Baba yake alimtazama kwa muda mrefu kutoka kwenye kiti chake.

"Mama, hivyo utamaliza lini? Hao watapata wajukuu kabla hujafika tuta la pili."

"Nina chupa hii tu, baba."

"Bomba lipo."

Mke wangu akasita. Aliliangalia bomba, kisha akamwangalia mzee usoni, na mimi nikajua sheria imeshindwa.

"Ndani lina nini?"

"Lina hewa. Na bado nitalisuuza mbele yako, mara tatu."

Akalisuuza mara tatu. Kisha akalibeba mwenyewe, na lile goti lililokuwa linakataa hata kwenda dukani likakubali. Alipita tuta kwa tuta, mkono mmoja ukisukuma mpini, mwingine ukipitisha mrija chini ya majani, bila kuruka hata jani moja. Alivaa na kofia. Sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile, nami nilifurahi mpaka nikaiacha suruali ya mteja chini ya sindano.

Siku ya nne nyanya zikaanza kujikunja. Majani yalisokotana, mashina yakapinda, mchicha ukageuka njano. Vidukari nao walikufa, tuseme ukweli. Mke wangu alikata tawi moja, akalifunga kwenye gazeti, akalipeleka kwa bwana shamba wa mtaa wa pili. Aliporudi alikaa karibu na cherehani yangu na kusema kwa sauti ya chini.

"Ni dawa ya magugu. Anasema inajificha kwenye mpira na kwenye mrija. Maji matupu huitoa kidogo kidogo tu. Imetolewa na sabuni yangu."

"Hata akisuuza mara tatu?"

"Hata mara kumi."

"Utamwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Nitasema ni vidukari. Na wewe ufunge mdomo."

Mzee alikuwa amelala usingizi wa mchana. Tukaingia bustanini, mke wangu na jembe, mimi na ndoo, tung'oe kila kitu kabla hajaamka. Tulikuwa tuta la mwisho alipotokea mlangoni na fimbo yake. Aliinama, akaokota mche mmoja wa nyanya, akausogeza karibu na macho.

"Vidukari, baba," mke wangu akamwahi. "Wametushinda."

"Vidukari hawafanyi hivi." Aligeuza jani upande wa pili. "Mwanangu, hii ndiyo kazi iliyokulisha. Nimeyaona majani ya hivi miaka thelathini na moja."

Alikaa chini, kwenye udongo. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyejua aanzie wapi. Mimi nilimwonea huruma, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyomcheka kimoyomoyo kila niliposuuza vikombe.

"Nilisuuza," akasema.

"Ulisuuza, baba. Nilikuona."

"Hulikumbuki lile bomba wewe? Ulikuwa mdogo. Siku za joto nilikuwa narudi nalo nyumbani, nalijaza maji, nawapulizia pale uani, wewe na kaka yako. Mnapiga kelele, mnarukaruka." Aliugeuza ule mche mkononi. "Mnafungua midomo."

Jembe lilikuwa bado mkononi mwa mke wangu. Aliliweka chini taratibu.

"Nakumbuka," akasema. "Tulikuwa tunagombania nani awe wa kwanza."

"Yale maji, mlikuwa mnameza?"

"Hapana, baba," akajibu, upesi mno. "Tulikuwa tunayatema yote."

Mzee akamtazama mwanawe usoni.

"Basi vizuri," akasema, na akaanza kulia.