Mgeni wa Ukuta wa Jiko

Tangu Wakonyo amzike mumewe, Wahome, kila mvua ya Aprili ilipoanza kule kwake Kitale, nondo mmoja mkubwa alikuja kukaa kwenye ukuta wa jiko. Alikuwa na rangi ya kahawa, na mabawa ya nyuma yalikuwa na madoa mawili kama macho. Kabla ya sala ya jioni Wakonyo alimsalimu. Hakuwa na mwingine wa kumsalimu; Tabby, bintiye, alikuwa ameolewa Bungoma na alikuja Krismasi tu.

Mwaka huo wa 2007 mvua ilifika, wiki tatu zikapita, ukuta ukabaki mtupu.

"Unatafuta nini huko juu, Mama Tabby?" aliuliza Wilkista, jirani aliyekuja kuchukua maziwa.

"Nondo wangu. Sijui nimemkosea nini."

Wilkista akacheka. "Si ni wewe ulimuua? Ile viwavi nyeusi ya miiba, yenye ilikula mti yako mwaka jana, ndiyo hiyo hiyo. Kwetu Naitiri tuliichezea tukiwa watoto. Inashuka, inaingia kwa mchanga, inalala mpaka mvua, inatoka na mabawa."

"Usinitanie, mama."

"Nikutanie ya nini? Na ikitoka ati haina mdomo. Kula ilimaliza kitambo. Inataga kwa majani, inakufa."

Wakonyo akaweka chini kikombe cha kupimia maziwa. Mti ule, mukinduri, aliupanda Wahome. Juni iliyopita viwavi walipoubakisha matawi matupu, Wakonyo alipiga magoti akaomba, kisha akachukua dawa ya kupe ya ng'ombe, akanyunyiza mpaka ikamwishia upande wa ua. Walipoanguka alimshukuru Mungu. Na jioni zote hizi amekuwa akiomba mgeni wake arudi.

Asubuhi alichimbua chini ya mti kwa kijiti, taratibu. Hakuna. Akazunguka. Karibu na ua, pale dawa ilipoishia, akapata kitu cheusi, kigumu, kirefu kama kidole gumba. Akakiweka kiganjani, akangoja. Ncha yake ikajipinda, mara moja tu.

Akakirudisha, akakifunika kwa udongo laini. Tangu siku hiyo hakufagia tena upande ule, hata Wilkista alipomcheka kwa uchafu. Jioni alisali akiwa ameelekea mti. Hakuomba kitu. Alisema pole tu.