Tarehe ya Kuzaliwa ya Orest Baluk

Kwa miaka kumi na tisa Delmer Eakins alikuwa ameandika migongo ya kadi. Mbele ya kadi palikuwa na picha ya mchezaji wa hoki ya barafuni, na hiyo haikumhusu. Yeye alihusika na upande wa nyuma: mstari mmoja wa juu wenye urefu, uzito na tarehe ya kuzaliwa, na chini yake maneno arobaini juu ya maisha ya mchezaji, Kiingereza kushoto, Kifaransa kulia. Kadi tano zilitiwa katika pakiti pamoja na kipande cha chingamu na kupelekwa madukani Kanada nzima, na watoto walizisoma kwa umakini ambao walimu wao hawakuwahi kuuona. Delmer alilijua hilo. Ndiyo maana hakuandika uongo.

Alikuwa na daftari jembamba la makosa. Kwa miaka yote hiyo kumi na tisa yalikuwemo makosa kumi na moja. Kosa la saba lilihusu golikipa aliyeandikwa kuwa anapenda kuogelea, kumbe aliyependa kuogelea ni mbwa wake.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili ya kiwanda cha Tolmie, mjini Strathby, Ontario, moja kwa moja juu ya mtambo wa chingamu. Unga wa sukari ulipenya kwenye mbao za sakafu, na kila karatasi ilinata kidogo. Meza ya pili ilikuwa ya Lucienne Gaboury, mjane aliyetafsiri kwa Kifaransa na ambaye hakuwahi kuangalia mechi hata moja.

Kila Mei Delmer alituma fomu kwa wachezaji, kwa anwani za nyumbani kwao walikozaliwa. Majira ya joto, ligi ikiwa mapumzikoni, wachezaji wenyewe walikuwa juu ya mapaa wakiezeka, au kwenye malori wakipeleka bia, kwa hiyo bahasha zilifunguliwa na mama zao. Delmer hakulalamika. Mchezaji akijaza mwenyewe, palipoulizwa anapenda nini aliandika "Kuvua samaki", basi. Mama alijaza pande zote mbili, kisha akaongeza karatasi.

Fomu ya Orest Baluk ya mwaka 1971 ilikuja na karatasi nne za nyongeza. Orest alikuwa beki kutoka Saskatchewan. Alikuwa amecheza miaka kumi na moja katika ligi ndogo, na msimu uliopita tu ndipo timu moja kubwa ilipomchukua. Hii ingekuwa kadi yake ya kwanza. Fomu ilijazwa na mama yake, Paraskeva Baluk, kwa mwandiko ulionyooka kama mistari ya shamba. Tarehe ya kuzaliwa: 3 Machi 1938. Delmer aliinakili, akaiweka fomu kwenye trei ya zilizokamilika, akaenda kula sandwichi yake.

Katikati ya Julai mtu mkubwa alipanda ngazi, akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia. Pua yake ilikuwa imevunjika zaidi ya mara moja na kila mara ikaegemea upande mwingine.

"Bwana Eakins ni yupi?"

"Nani mwingine? Mimi nimevaa gauni," alisema Lucienne.

"Samahani, mama. Naitwa Orest Baluk. Nimeendesha gari siku tatu."

Delmer alimpa kiti. Kiti kililalamika. Orest alitazama trei za karatasi kana kwamba mojawapo ingeweza kumrukia.

"Mama amenipigia simu kuniambia amenijazia fomu," alisema. "Amefurahi sana. Mzee wangu, ile tarehe. Mmeshaichapa?"

"Bado. Mwisho wa mwezi."

"Basi namshukuru Mungu. Iandike elfu moja mia tisa arobaini na moja."

Delmer alivua miwani. "Mama yako amekosea?"

Orest alifikiri, na ilionekana wazi kwamba kumsingizia mama yake kulikuwa kazi nzito kuliko kuendesha siku tatu. "Hapana," alisema. "Mama hakosei. Mimi ndiye niliyedanganya. Skauti wa timu, yule anayetafuta wachezaji, aliniuliza nina miaka mingapi. Nilikuwa na thelathini na mbili. Mdomo ukasema ishirini na tisa. Mimi mwenyewe nilishangaa."

"Na timu haijui?"

"Haijui. Sasa tuna meneja mpya. Amesema beki akipita thelathini na mbili, aende nyumbani akalime. Nami nimeshapita, mzee. Na binti yake meneja anakusanya kadi. Humsomea baba yake wakati wa chakula cha jioni, moja moja, nyuma na mbele."

"Kubwa jinga wewe," alisema Lucienne, bila ukali. "Miaka kumi na moja ya mabasi na meno kung'olewa, halafu ukamatwe na kadi ya pipi?"

"Ndiyo, mama."

Delmer alirudisha miwani machoni. Hakumwona Orest kuwa mtu mbaya. Alimwona kuwa mtu aliyesubiri mlangoni miaka kumi na moja, na mlango ulipofunguliwa akajikunja kidogo ili apite. Lakini tarehe ilikuwa tarehe.

"Siwezi kuandika arobaini na moja," alisema hatimaye. "Nisamehe. Watoto wanaamini."

Orest aliitikia kwa kichwa. Hakubisha. Aliinuka, akavaa kofia, akaivua tena kwa kuwa alikuwa bado ndani.

"Kaa," alisema Lucienne. "Delmer, wewe na dini yako ya daftari. Ile sheria ya taya umeisahau?"

Sheria ya taya ilianza mwaka 1958. Maneno ya kadi moja yalizidi nafasi, mchapaji akayakata palipomfaa, na watoto wa nchi nzima wakasoma: "Tangu avunjike taya hajawahi", kisha nukta. Barua zilikuja kwa magunia. Mzee Tolmie mwenyewe aliamuru kwamba kuanzia hapo hakuna sentensi itakayokatwa. Maneno yakizidi, kiondolewe kile kistari cha juu, maana urefu na uzito mtu anaweza kuuona kwa macho. Sheria ilikuwa imetumika mara mbili tu.

"Kistari cha juu kikiondoka, tarehe inaondoka nacho," alisema Lucienne. "Hujadanganya. Umejaza tu."

Delmer alihesabu kwa penseli. "Yanatakiwa maneno sitini na tano."

"Nipe sitini. Kifaransa changu hula nafasi zaidi, kitamalizia."

"Lakini yawe ya kweli, na yawe na maana. Sijazi kwa makapi." Aliichukua fomu ya Paraskeva Baluk pamoja na zile karatasi nne. "Yote yamo humu. Bwana Baluk, ni vyema usikie kwanza."

Akasoma kwa sauti yake ya taratibu. Kwamba Orest hula perohi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi, thelathini na moja kwa mkao mmoja. Kwamba kila Jumamosi akiwa nyumbani hupiga magoti na kusugua sakafu ya jikoni bila kuambiwa. Kwamba mguu wake wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia. Kwamba aliimba sauti ya juu kanisani hadi alipofika miaka kumi na minne, sauti ikavunjika katikati ya Pasaka, naye akalia. Kwamba hadi leo anaogopa bata bukini.

Chini, mtambo wa chingamu ulikuwa ukikohoa.

"Bata lazima wawepo?" aliuliza Orest.

Delmer alihesabu tena. "Bila bata tarehe inabaki."

"Basi waweke," alisema Orest.

Kadi zilitoka Oktoba. Delmer alifungua ukurasa wa nyuma wa daftari lake, akaandika kichwa kipya, "Yaliyoachwa", na chini yake jina moja. Hakupenda jinsi lilivyoonekana pale peke yake.

Habari za Orest alizipata redioni. Usiku wa mechi ya kwanza ya ugenini, beki Baluk alipogusa tu kile kisahani cha mpira kinachochezewa barafuni, uwanja mzima ulilia kama bata bukini. Kufikia Krismasi walikuwa wakilia katika kila mji. Wachezaji wenzake walimwekea ndoo na kitambaa cha kusugulia mbele ya kabati lake kila Jumamosi. Alicheza mechi sabini na moja. Meneja alisomewa kadi hiyo na binti yake, akacheka hadi akakabwa na pilipili, na hakuuliza umri wa mtu.

Lakini Novemba barua ilikuwa imekuja kutoka Saskatchewan.

"Bwana Eakins," aliandika Paraskeva Baluk, "nashukuru umeandika perohi na sakafu. Ila umeandika kila kitu isipokuwa siku niliyomzaa. Nimetazama kadi za wenzake kumi na wanne, wote wana tarehe. Wangu hana. Mtu akisoma atadhani nilimwokota. Siku ile kulikuwa na dhoruba ya theluji, na mume wangu, marehemu sasa, alitembea maili nne kumwita mkunga. Nakutumia na cheti cha ubatizo, usije ukadhani nimebuni."

Cheti kilikuwemo kweli, kimefungwa kwa karatasi ya nta. Delmer alikaa nacho alasiri nzima. Kusema sababu kungekuwa kumshtaki mwana kwa mama yake. Aliandika: "Mama Baluk, nafasi ilikwisha. Kosa ni langu." Sentensi ya kwanza ilikuwa kweli, kwa namna yake. Ya pili aliipima mara kadhaa, akaiacha.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. "Basi mwaka ujao punguza bata."

Mwaka uliofuata fomu ilirudi ikiwa na tarehe iliyopigiwa mistari mitatu kwa wino mwekundu. Orest alipiga simu Juni.

"Mzee, tufanye vilevile. Nataka msimu mmoja tu tena. Mama ana mengine mengi, nimemuuliza. Kuna habari ya mimi na ngazi."

"Mama yako anasubiri tarehe, bwana Baluk."

"Najua. Kila nikienda ananionyesha mahali ambapo ingekaa. Anaweka kidole." Simu ilivuma kidogo. "Nikirudi nyumbani kulima nitakuwa naye kila siku, mzee. Hoki haitanisubiri."

Delmer alisema angefikiri. Alifikiri Julai yote na karibu Agosti yote. Kila alipoiandika kadi na tarehe, alimwona Orest na kofia yake mlangoni. Kila alipoiandika bila tarehe, aliona kidole kikitua mahali patupu. Picha zilishachapwa upande wa mbele. Migongo ya wengine wote ilishakwenda, na mchapaji alipanda ngazi mara mbili kwa siku kuuliza.

"Unataga yai?" aliuliza Lucienne.

"Namsubiri mmoja wao anishinde," alisema Delmer.

Tarehe ishirini na tisa Agosti simu ililia.

"Wameniacha," alisema Orest. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayetoa habari za barabara. "Si umri. Goti. Daktari wao alilikunja, likatoa mlio, akamtazama meneja. Kila mtu chumbani aliusikia."

"Pole sana, bwana Baluk."

"Asante. Kadi yangu mtaitupa?"

"Hapana. Picha imeshachapwa. Kila mwaka wanatoka wawili watatu wa namna hiyo, wameshaachwa na kadi zao ziko dukani."

"Basi mwandikie mama," alisema Orest. "Yote anayotaka. Bata waache wapumzike."

Delmer alikata simu, akanoa penseli. Alihesabu maneno, akayahesabu Lucienne pia, na kwa mara ya kwanza Kifaransa kililingana. Kistari cha juu kilibaki, na tarehe ndani yake. Chini yake paliandikwa:

"Orest alizaliwa shambani karibu na Vesna, Saskatchewan, tarehe 3 Machi 1938, katika dhoruba ya theluji. Baba yake alitembea maili nne kumwita mkunga. Walirudi wakishika waya wa ua wasipotee. Walipofika, mama yake alikuwa ameshamaliza. Orest anatarajia kulima."

"Tarehe iko mara mbili," alisema Lucienne. "Mchapaji atadhani umelewa."

"Mwache adhani."

Habari za waya na za mama kumaliza peke yake alikuwa amezipata mwaka huo, kwenye karatasi ya sita ya nyongeza.

Kadi zilipotoka alituma kumi kwenda Vesna, kwa bahasha, bila chingamu ili zisichafuke, pamoja na cheti cha ubatizo ndani ya karatasi yake ya nta. Jibu lilikuja theluji ya kwanza ilipoanguka Strathby.

"Bwana Eakins. Imefika. Orest alinisomea mezani, halafu akaenda kusugua sakafu, na haikuwa Jumamosi. Moja nimempa padri. Nyingine nimeipeleka kwa mume wangu makaburini, nimeifunika kwa kioo. Ila kuna jambo. Zilikuwa maili tano. Mara ya kwanza nilikuandikia nne kwa kuwa sikuwa nakujua, na sikutaka uone kwamba tunajigamba."

Delmer aliisoma mara mbili. Kisha alitoa daftari jembamba, akalifungua upande wa mbele, na kwa mwandiko wake mdogo akaandika kosa la kumi na mbili: Baluk, maili tano.