Dakika Tano, Daktari

...maana diski ya pili haina kitu, nimeifungua mara ya nne sasa, ipo lakini haina kitu, mashine inaitaja kwa ukubwa wake wote kisha inachora mstari mweusi toka mwanzo mpaka mwisho, hakuna faili, hakuna folda, hakuna jina, na chini yake swali lile lile, je, unataka kuiandaa upya ili uanze kuitumia, hapana, sitaki, bonyeza hapana, funga, na Daktari Celestina huyo mlangoni tena, mara ya tatu, barakoa inaning'inia sikio moja, "Kashaija, vipi?" na mdomo wangu unajibu kabla yangu, "Dakika tano, Daktari, namalizia," namalizia nini, hakuna ninachomalizia, "Ni zile dakika tano za mwanzo au nyingine?" anauliza, wala hatanii, macho yake yako kwenye saa ya ukutani, saa tano na dakika mbili, "Nyingine," nasema, na anarudi ndani, viatu vyake vya plastiki vinapiga sakafu ya korido, na huko ndani amelala mwanamke anaitwa Modesta, ana uchungu tangu jana mchana, mtoto amekwama na mapigo yake ya moyo yanashuka, nimemsikia Sista Prudencia akiyataja kwa sauti, mia na kumi, mia na mbili, lazima apasuliwe, na apasuliwe hapa hapa kituo cha afya cha Usagara kwa sababu gari la wagonjwa limetoka alfajiri kupeleka mtu mjini na halijarudi, meza iko tayari, taa iko tayari, nyuzi ziko tayari, kinachosubiriwa ni mimi, mimi na mashine hii, kwa sababu miaka miwili iliyopita Modesta alipasuliwa hapa hapa kwa mtoto wa kwanza, akachomwa sindano nne, na moja kati ya hizo nne ilimvimbisha uso mpaka koo likaziba, kasema mwenyewe leo kati ya uchungu mmoja na mwingine, "Nilivimba, dakitari, nikawa sipumui," sindano ipi, hajui, nani angeuliza jina la sindano akiwa katika hali ile, daktari wa wakati huo alishahamishwa na namba yake haipo hewani, lakini iliandikwa, yote iliandikwa, kwenye mashine hii, kwenye diski ya pili... tulia, Kashaija, tulia, programu ya kufufua faili inakwenda, nimeiendesha kutoka kwenye flashi ikakubali, asilimia tatu, muda uliobaki saa sita, saa sita, ukiiangalia sana inakuwa saa saba, usiiangalie, fikiria mtandao, mtandao ndiyo njia, kwa sababu kila Ijumaa mashine hii ilikuwa inatuma nakala kwenye seva ya ofisi yetu kule Nyamagana, na za miaka miwili iliyopita zitakuwepo, lazima ziwepo, Luhaga anazitunza, Luhaga hafuti hata picha za harusi ya mtu asiyemjua, ila mtandao nao umekufa, bila shaka umekufa, nimepiga windo upya, yaani nimeweka mfumo mpya wa Windows, na windo mpya haiijui kadi ya mtandao, imeiwekea alama ya kuuliza ya njano, inataka draiva, programu ya kuitambulisha, na draiva ziko kwenye flashi nyingine, flashi nyingine iko Mkolani juu ya friji yangu, naiona kabisa, nyekundu, iko kando ya funguo za stoo... simu, tumia simu, chomeka waya wa simu kwenye mashine, washa bando, haya, inasoma, inasoma, imekubali, mtandao upo, Mungu wangu, mtandao upo, fungua seva, andika namba zake, hizo nazijua kwa kichwa, ingia... kifaa hiki hakitambuliki. Wasiliana na msimamizi. Nini tena, kwa nini hakitambuliki, ni mashine ile ile, iko meza ile ile tangu ifike, lakini sivyo, siyo ile ile, asubuhi nimeipa windo mpya na windo mpya imejipa jina jipya, seva inaona mgeni mlangoni, na mwenye kumfungulia mgeni ni msimamizi peke yake, na msimamizi ni Luhaga, mpigie Luhaga, inaita, inaita, pokea, inaita mpaka inakatika, piga tena, na nikipiga kwa simu iliyochomekwa mtandao unayumba, haidhuru, piga, inaita, Luhaga yuko wapi saa tano asubuhi, yuko juu ya dari ya benki fulani anavuta nyaya na simu ameiacha kwenye begi, namjua, nimefanya naye kazi miaka sita... "Mwanangu, wewe ndiye wa kompyuta?" nani huyo, ni yule mama aliye kwenye benchi la korido, Teodora, mama mkwe wa Modesta, kitenge cha bluu na kikapu cha nguo za mtoto mapajani, "Ndiyo, mama, shikamoo," "Marahaba. Wanasema jina la dawa liko humo kwako," "Limo, mama," "Basi lisome, baba, mtoto anachoka," "Nalitafuta, mama," nalitafuta, kama mtu aliyeangusha sindano kwenye nyasi, huku nyasi zenyewe nimezichoma kwa mkono wangu, maana asubuhi hii saa mbili nilikaa kiti hiki hiki, jana umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo na mashine ikagoma kuwaka, nikasema tunaipiga windo, kazi ya dakika arobaini, nimepiga windo mashine zaidi ya mia tatu, mkono unajua njia wenyewe, chomeka, chagua lugha, endelea, endelea, ikaja orodha ya diski, mbili, sifuri na moja, ukubwa mmoja, kampuni moja, mimi ndiye niliyeshauri zinunuliwe pacha, na siku zote mfumo hukaa sifuri, kwa hiyo mkono ukafuta sifuri, mashine ikauliza, una uhakika, vilivyomo vitapotea, na mimi nilikuwa nimemgeukia mfamasia anayenisimulia jinsi shemeji yake alivyouziwa ng'ombe mgonjwa mnadani, nilicheka, nakumbuka nilicheka, kidole kiko kwenye ndiyo nami nacheka, kisha nikageuka nikaona mfumo wa zamani bado umekaa kwenye moja, mzima, haujaguswa, na tumbo likaniambia umefuta ile nyingine, Kashaija, nikaliambia tumbo linyamaze, kuna programu za kufufua, nitafufua mchana watu wakipungua, sikumwambia mtu, nikaweka windo kwenye ile moja nikaenda kunywa chai, chapati mbili, nilikula chapati mbili... asilimia tatu. Bado asilimia tatu. Njia panda lori linapiga honi ndefu, mabasi ya Sengerema yanapita, dunia inaendelea na safari, na sauti ya Prudencia inatoka ndani, "Tisini na sita," kisha Modesta analia, siyo kilio cha uchungu kile cha kupanda na kushuka, ni kilio kidogo, cha mtu aliyechoka kusubiri kitu asichokiona, na Teodora anasimama, anakaa, anasema kwa mtu yeyote, "Mwanangu Mayala yuko Geita machimboni, simu yake imezimwa, nitamwambia nini?" na mimi napiga Luhaga mara ya tano, inaita, na ninajisikia nikipanga maneno, nikipanga vizuri kama ninavyopanga nyaya, nitasema umeme ndio ulioua diski, umeme ulirudi kwa kishindo, kila mtu aliusikia, taa ya maabara ilipasuka, nani atabisha, diski ilikufa jana, mimi leo nimeikuta maiti, nani humu ndani anajua tofauti ya diski iliyokufa na diski iliyofutwa, hakuna, hata mmoja, naweza kuingia na uongo huo umenyooka kama rula na jioni nikalala... na dakika tano je, kuhusu hizo dakika tano nitasema nini, kama ilikufa jana kwa nini nimewaambia dakika tano mara tatu... gari linakuja, ndivyo alivyosema yule mganga wa zahanati, kwa nini namkumbuka sasa, gari linakuja, Kamachumu, mimi nina miaka kumi na mmoja, baba ameangukiwa na gogo kwenye kibanja, shamba letu la migomba, mguu umevunjika chini ya goti na mfupa umetoka, tumemfikisha zahanati saa nne asubuhi kwa mlango tuliouong'oa nyumbani, wanaume sita wamebeba, na mganga akasema mwacheni hapa, gari linakuja kutoka wilayani, dakika chache tu, wanaume wakakaa chini ya ukuta wakisubiri, wakauliza tena saa sita, linakuja, wakauliza saa nane, liko njiani, alikuwa mtu mwema yule, mpole, alimpa baba maji kwa kijiko, na hakukuwa na gari, alijua tangu saa nne kwamba hakuna gari, lilikuwa limefunguliwa injini kwenye gereji, ila aliona aibu kuwaambia wanaume sita waliotoka jasho vile, wangemwinua tu, wale wanaume, wangembeba mpaka hospitali ya misheni, walikuwa na mabega, walikuwa na mchana mzima, walikaa chini ya ukuta mpaka jua likaelekea kuzama kwa sababu ya neno linakuja, na mguu ukakatwa, na baba miaka yote hakumlaumu kwa kukosa gari, alisema gari halikuwa lake, alisema, "Kama angeniambia tu hakuna," hivyo, akiwa amekaa anamenya ndizi, "kama angeniambia tu"... wanaume sita. Huko ndani kuna mabega. Daktari ana mikono, Prudencia ana mikono, wamevaa glovu wamesimama kando ya meza, na kinachowafanya wasimame siyo diski, diski haijui kama wapo, ni mimi, ni dakika tano zangu, nimewakalisha chini ya ukuta... asilimia nne, imepanda, asilimia nne, kaa, imepanda, subiri Luhaga, labda sasa hivi ameshuka kwenye dari, labda anatafuta simu, dakika moja tu zaidi, moja... hapana. Hilo ndilo neno lile lile, linakuja. Simama. Kiti kimenishika suruali, simama, nasimama, na Teodora ananitazama uso mzima, "Umelipata?" anauliza, amefurahi, ameshaanza kufurahi, na ni lazima niupite uso huo, "Sijalipata, mama. Halimo humu," na korido ni hatua kumi na mbili, mlango wa upasuaji una kioo kidogo, nagonga, Daktari anageuka na nyusi zimepanda, naye amefurahi, wote wanafurahi wakiniona, "Sema," anasema, "Daktari, sina faili. Usinisubiri," "Dakika ngapi?" "Hakuna dakika, Daktari. Nilikudanganya. Diski niliifuta mimi asubuhi nikipiga windo, kwa makosa, nikajua, nikanyamaza. Nakala iko mjini lakini siwezi kuifikia, anayeweza hapokei simu. Usinisubiri," na taa kubwa inavuma, Modesta kwenye meza amegeuza kichwa, ananitazama, sikujua angenisikia, sikufikiri kabisa kwamba ana masikio, jasho limemlowanisha nywele za paji la uso, na Daktari hanitukani, ningependa anitukane, anavuta pumzi mara moja kwa pua, "Tangu saa nne na nusu," anasema polepole, "tangu saa nne na nusu ningekuwa nimeanza. Nikijua ni sindano ipi, naikwepa hiyo moja. Nisipojua, nazikwepa zote nne, natumia nyingine, kidogo kidogo, na dawa ya kufungua koo iko mkononi. Ni ngumu zaidi lakini inafanyika. Kitu ambacho hakifanyiki ni kusimama," kisha ananipa mgongo, "Prudencia, toa hizo zote kwenye sinia. Leta za kabati la pili. Mapigo?" "Tisini na mbili, Daktari," "Modesta, mama, tunaanza sasa, unanisikia?" na Modesta anasema, kwa sauti ya chini ila naisikia, "Anzeni tu," na mimi nageuka nitoke, nirudi kwenye asilimia nne, nirudi kumpigia Luhaga mpaka simu iungue, "Wewe unakwenda wapi?" Daktari, bila kugeuka, "Prudencia ana mikono miwili. Vaa barakoa, simama hapo kwenye mstari, usivuke. Kila ninachomchoma uandike, jina, kiasi, saa. Karatasi hizo hapo. Na uanze na hilo ulilolisema," "Lipi, Daktari?" "Hilo ulilolisema," na karatasi ziko kwenye ubao wa klipu, kalamu imefungwa kwa uzi, naivuta kalamu, huko nyuma kwenye meza yangu simu inaita, au ni masikio yangu, aende mtu, mimi siondoki hapa, mama Teodora, pokea hiyo simu, nasema kwa sauti kupitia mlangoni, kama ni Luhaga mwambie aiingize mashine mpya kwenye seva, mwambie hivyo hivyo, naye anajibu, "Si simu, baba, ni redio ya jirani," sawa, ni redio, naandika, saa tano na dakika kumi na saba, rekodi za Modesta hazipo, zimefutwa leo asubuhi na, na mkono unataka kuweka fundi, fundi peke yake, mtu yeyote, nauzuia, naandika mimi, naandika Kashaija, nukta, na Daktari anainua sindano kwenye mwanga, anaigonga kwa kidole, anasema, "Ya kwanza," na anaitaja jina herufi kwa herufi ili nisikosee.